Kurudi Si Kurudia

Agosti 2024, bendi ya Opeth kutoka Stockholm, Uswidi, ilitoa wimbo ambao jina lake huwezi hata kuliitisha kwa dijei: §1. Hiyo alama ni ya wanasheria, ile wanayoiweka mbele ya nambari ya kifungu. Wimbo haukuenda mbali kabla ya Mikael Åkerfeldt, mwimbaji na mtunzi wa bendi, kufungua koo na kunguruma.

Kwa asiyewajua, hiyo si habari. Mtu wa metali amenguruma, ni kama kusema konda wa matatu amepiga kelele. Lakini kwa sisi tunaowafuata, simu zilikuwa moto siku hiyo. Mara ya mwisho Åkerfeldt kunguruma kwenye albamu mpya ya Opeth ilikuwa 2008, kwenye Watershed. Miaka 16. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Watershed alikuwa tayari kidato cha pili, ana ndevu tatu na maoni kuhusu siasa.

Albamu yenyewe, The Last Will and Testament, ilifika tarehe 22 Novemba mwaka huohuo. Ni ya kumi na nne. Tangu hapo nimesikia sentensi moja ikisemwa kwa furaha kubwa, Nairobi na ng'ambo: “Opeth wamerudi.” Na kila nikiisikia kuna kitu kinanikwaruza. Nataka nikieleze, kwa sababu naona hakinihusu mimi na bendi ya Wazungu wenye nywele ndefu peke yake.

Kwanza tuelewane kuhusu huo mngurumo. Wengi wakiusikia wanadhani ni hasira, au ni mapepo. Ni ufundi tu. Anayejua hutumia pumzi ya tumboni na ile mikunjo ya nyama iliyo juu kidogo ya nyuzi za sauti. Asiyejua hujaribu bafuni, kesho yake anaagiza chai kwa ishara. Ukiusikia kwenye mat bila kutarajia, utafikiri spika imepasuka. Lakini Nairobi si wageni wa sauti hiyo. Mwaka 2020 vijana wawili wa hapa, waliojiita Duma, walitoa albamu yenye jina hilohilo kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na mmoja wao, Martin Khanja, anayejulikana kama Lord Spikeheart, akatoa yake mwenyewe, The Adept, mwaka 2024. Kwa hivyo usiniambie hii ni sauti ya baridi na theluji.

Kilichowatofautisha Opeth ni kwamba Åkerfeldt alikuwa na sauti mbili ndani ya mwili mmoja. Ananguruma kama lori linalopanda mlima, halafu gitaa linanyamaza, anaanza kuimba kwa upole kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Yote ndani ya wimbo mmoja wa dakika kumi au zaidi. Sikiliza Blackwater Park ya 2001, ile waliyoitengeneza pamoja na Steven Wilson, utaelewa kwa nini watu waliipenda hii bendi kama dini. Hiyo ndiyo metali projesivu kwa lugha rahisi: muziki mzito unaokataa kukaa mahali pamoja.

Halafu ikaja Heritage, Septemba 2011, na mngurumo haukuwepo. Gitaa nazo zilipunguza uzito. Ilisikika kama kitu kilichotoka kabatini mwa mtu aliyekuwa kijana miaka ya 1970: kinanda cha zamani, filimbi, ngoma zinazotembea badala ya kukimbia. Zikafuata Pale Communion (2014), Sorceress (2016) na In Cauda Venenum (2019). Albamu nne bila kunguruma.

Baadhi ya mashabiki waliondoka. Wengine walibaki wakinung'unika, kama jamaa anayekuja harusini kulalamika kuhusu pilau. Walisema bendi imeuza roho kwa ajili ya pesa, jambo ambalo hunichekesha mpaka leo. Anayetafuta pesa za haraka haendi kufufua muziki wa filimbi wa 1972. Walisema koo lake limekwisha. Lakini jukwaani, alipokuwa akipiga nyimbo za zamani, alikuwa bado ananguruma vizuri tu. Sauti ilikuwepo miaka yote. Hakuwa na nyimbo mpya zilizoihitaji.

Hapo ndipo penye shida, na huku kwetu tuna neno zuri sana la kuieleza: zilizopendwa. Kila Mkenya anajua kipindi cha zilizopendwa redioni. Lakini liangalie neno lenyewe. Halisemi zinazopendwa. Limefunga mlango wa wakati, likaweka na kufuli. Mashabiki wengi wa Opeth waliugeuza mngurumo kuwa zilizopendwa, kisha wakamdai mtu aliye hai, mwenye miaka hamsini, aendelee kuishi ndani ya kipindi hicho cha redio.

Sasa tufike kwenye albamu yenyewe, kwa sababu bila kuisikiliza vizuri huu mjadala wote ni domo tu.

Ni hadithi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, nyumba kubwa, baba tajiri amefariki. Watoto wamekusanyika kusikiliza wosia ukisomwa. Wapo mapacha wa nyumba hiyo. Yupo pia msichana mmoja yatima, mgonjwa wa polio, aliyelelewa hapo, na mapacha wanajiuliza: huyu ameitwa kusikiliza wosia wa baba yetu kama nani? Nyimbo saba za kwanza hazina majina, ni vifungu vya wosia, §1 hadi §7. Wa nane peke yake ndio wenye jina, A Story Never Told, na ndani yake kuna barua. Barua inasema nini, sitakuharibia.

Manze, hii ni hadithi ya Uswidi ama ya matanga yoyote ya hapa kwetu? Sote tumewahi kuona ile siku ambapo mwili uko mbele, mchungaji anatafuta ukurasa, na gari lisilojulikana linaingia langoni. Anashuka mama mwenye watoto watatu, na wa kwanza ana paji la uso la marehemu. Kenya tuna Sheria ya Urithi, Sura ya 160, na hata hivyo mahakama hazikosi kesi za ndugu wanaogombania shamba la ekari mbili. Åkerfeldt huenda hajawahi kukanyaga matanga ya Murang'a au Siaya, lakini anajua kinachotokea chumbani pale marehemu anapoanza kusema ukweli wakati hakuna anayeweza kumjibu.

Na marehemu anasema kwa sauti gani? Hapo ndipo mngurumo unapoingia. Mzee aliyekufa, mwenye mali na siri, anazungumza kutoka kaburini kupitia karatasi, na sauti yake ni ile nzito. Ukiondoa mngurumo hapo, hadithi inapungua. Umewekwa mahali ambapo una kazi.

Lakini sikiliza pia kinachouzunguka. Ian Anderson wa Jethro Tull anasoma sehemu za wosia na kupiga filimbi. Huyo ni mzee wa roki ya miaka ya 1970, ile roki ambayo Åkerfeldt alilaumiwa kwa kuikimbilia. Vinanda vya Heritage vimo. Uimbaji wa polepole alioukuza kwa albamu nne umo, na umekomaa kuliko ulivyokuwa 2008. Mpiga ngoma ni Waltteri Väyrynen, Mfini aliyejiunga 2022, na anapiga kama mtu aliyepewa nyumba mpya na kuruhusiwa kufungua kila mlango. Hata binti ya Åkerfeldt, Mirjam, amechangia sauti kwenye §1. Albamu kuhusu baba na watoto, na mtoto wa mwimbaji yumo ndani.

Hii albamu isingewezekana 2009. Mtu wa 2009 alikuwa na mngurumo lakini hakuwa na hayo mengine. Aliyeifanya ni yule aliyetembea miaka 13 barabara nyingine, na ukisikiliza kwa makini unaweza kuzihesabu hatua zake.

Siku ilipotoka ilikuwa Ijumaa. Tulikutana watano kwa keja ya jamaa mmoja huko Kahawa West, tukachanga token ya stima na chapati, simu zikawekwa kando. Mwenye keja alikuwa na fulana ya Opeth iliyofuliwa mpaka maandishi yakawa kumbukumbu. Yeye alikuja kuhesabu. Kila mngurumo ukija alikuwa anainua kidole, kama mwalimu wa zamu anayehesabu wanafunzi kabla ya basi kuondoka. Kifungu cha pili kilipofika alikuwa anatokwa machozi, na sisemi hivyo kumcheka. Alisema, “Nilidhani nitakufa kabla sijasikia hii tena.” Ana miaka 29.

Kando yake alikaa dada mmoja ambaye aliingia kwa Opeth kupitia Pale Communion. Mngurumo kwake ulikuwa kitu cha nyimbo za zamani, cha kuvumilia. Albamu ilipoisha, mwenye keja akasema ile sentensi: “Opeth wamerudi.” Dada akaweka kikombe chini polepole.

“Wamerudi kutoka wapi?” akauliza. “Mimi nilikuwa nao.”

Kukawa kimya. Mwenye keja akajaribu kueleza kwamba alimaanisha ile sauti, ule uzito, ile kitu. Dada akamwambia hana shida na uzito, albamu ameipenda. Shida yake ni kuambiwa kwamba miaka yote aliyoipenda hii bendi, bendi haikuwepo. “Ni kama mtu afike kwenu baada ya miaka kumi, apate umejenga, halafu akupongeze kwa kurudi nyumbani. Aliyekuwa ametoka ni yeye.”

Tulibishana mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini mimi nilikuwa nimeshabaki kwenye lile swali, kwa sababu nimeulizwa neno hilo mara nyingi kuliko nilivyolipa kodi ya nyumba.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Nilikuwa nasomea takwimu. Karo iliisha kwanza, na ilipopatikana tena nilikuwa nimeanza kulipwa kwa kuandika, na hesabu ya nyumbani ikawa wazi: kaka yangu mdogo alikuwa anaingia sekondari. Tangu hapo nimeandika maelezo ya magodoro, ya pampu za maji, ya hoteli ambazo siwezi kulala. Nimeandika kwa Kiingereza usiku kucha, Opeth masikioni, kwa wateja ambao hawajui sura yangu. Kiswahili, kama hiki unachosoma, naandika mchana, nikiwa nimejilipia mwenyewe.

Ndiyo maana In Cauda Venenum ya 2019 iliniingia kuliko zote. Baada ya kuimba Kiingereza kwa albamu nzima baada ya albamu nzima, Åkerfeldt aliiandika ile kwa Kiswidi. Kisha akatengeneza toleo la Kiingereza pia, kwa anayelihitaji, na zote mbili zikatoka pamoja. Mimi husikiliza la Kiswidi. Sielewi neno hata moja, lakini nasikia mtu ambaye hatafsiri kichwani. Hiyo ni mojawapo ya zile albamu nne ambazo wengine wanaziita miaka iliyopotea.

Miaka iliyopotea. Hayo ni maneno ya familia yangu pia. Kwenye matanga, kwenye mahari, kwenye ubatizo wa mtoto ambaye sijui hata ni wa nani, anko wangu mkubwa hunishika bega na kuuliza, “Sasa kijana, utarudi lini?” Hajawahi kuuliza ninaandika nini. Mathe ni mpole zaidi. Barua yangu ya kuitwa chuoni bado ameihifadhi kwenye bahasha ya kaki, pamoja na hati ya shamba na kadi za kliniki za utotoni. Yeye husema, “Mwanangu, hiyo miaka iliyopotea, Mungu atairudisha.”

Sijawahi kujua nimjibu vipi, kwa sababu yeye analia na miaka ambayo mimi niliishi. Ndani ya miaka hiyo nilijifunza kukaa na sentensi mpaka ikae sawa. Nililipa karo ya mtu. Sasa chuo kimefungua nafasi kwa waliokatiza masomo, na ndiyo, nimekuwa nikifikiria. Takwimu bado naipenda, na kuna mambo nataka kuandika ambayo siwezi kuyaandika bila kuijua vizuri. Lakini nikifikiria kurudi, nasikia tayari zile pongezi, na jinsi zitakavyofuta kila kitu kilichokuwa katikati.

Kiswahili kimetupa kurudi na kimetupa kurudia, na tofauti ni herufi moja tu mwishoni. Anayerudia anafanya lilelile tena. Anayerudi anafika mahali akiwa na vumbi la alikotoka. Jamaa wa Kahawa West alitaka bendi irudie, kwa bahati nzuri bendi ikarudi, na katika furaha yake hakuona tofauti. Simlaumu. Alipewa alichokuwa ameomba kwa miaka 16, na kikamjia kikiwa kizuri kuliko alivyokiomba.

Nilipokwenda nyumbani Desemba, nilikuwa naosha vyombo huku simu ikicheza §1 juu ya kabati. Mathe akatokea mlangoni na kisu cha sukuma mkononi.

“Huyo ameumwa na nini?”

“Anaimba, mum.”

“Huyo?” Akasikiliza kidogo, kwa heshima, kama mtu anavyosikiliza mahubiri ya dhehebu jingine. “Aende hospitali.” Akarudi kwa sukuma zake.

Sikuzima. Albamu ikaenda hadi mwisho, na ule wimbo wa nane ukaanza, wenye jina, ambao ni wa polepole, hauna mngurumo hata kidogo. Gitaa la mwisho huko ni la kukufanya usimamishe unachofanya. Nikaona mathe amesimama tena mlangoni.

“Huyu sasa ndiye anaimba,” akasema. “Huyu ni nani?”

“Ni yuleyule.”

“Yule wa kelele?”

“Yuleyule, mum. Kwa miaka mingi aliimba hivi tu. Watu wakamwambia amepotea.”

Akafikiria kidogo. Mathe ameimba kwaya miaka 30, sauti ya pili, kwa hivyo kuhusu kuimba haongei ovyo.

“Hajapotea,” akasema. “Mtu hajifunzi kuimba hivi kwa siku moja.” Kisha akaniambia sufuria bado ina mafuta, niirudie.

Fomu ya chuo ninayo hapa mezani ninapoandika haya. Wanataka jina, nambari ya zamani ya usajili, mwaka niliokatiza. Chini kuna swali: ulikuwa unafanya nini katika kipindi ambacho hukuwa masomoni? Wameacha mistari miwili. Bado sijaamua kama nitaipeleka, lakini hiyo sehemu nimeshaijaza, na nimelazimika kuendelea nyuma ya karatasi.